Waraka kwa Mheshimiwa Waziri: Naomba Kibao Kimoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,

Sisi hapa Karatu hatuna makuu: watalii hulala kwetu, alfajiri hupanda kwenda lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na wenye hoteli wanakuombea dua. Ninaomba kibao tu.

Mwaka 1959 ulikuwa mzito Ngorongoro. Januari, Mjerumani Michael Grzimek alikufa kwa ajali ya ndege akiwahesabu wanyama. Amelala ukingoni mwa kreta, chini ya mnara wa mawe. Julai, Mary Leakey akaliona fuvu la Zinjanthropus kule Oldupai. Leo limetunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ahsante kwa yote mawili. Marehemu mgeni na mzee wa miaka milioni 1.75, hakuna anayewauliza watahama lini.

Tukio la tatu silioni likisimuliwa. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walikubali kwa hati kuiacha Serengeti ya magharibi ibaki ya wanyama. Ngorongoro ikatengwa iwe ya watu, mifugo na wanyama pamoja, na Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull akawaahidi Wamaasai kwamba maslahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulia. Tulirithi mengi ya mkoloni, Mheshimiwa, hata sheria zake za wanyamapori. Hili moja likatuponyoka.

Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta walitolewa. Mwaka 1975 jembe likapigwa marufuku, 1992 likaruhusiwa, kisha likakatazwa tena. Tangu 2022 familia zinapelekwa Msomera, Handeni, kwa hiari. Hiari ambayo waliobaki wanalalamika kwamba inasukumwa na huduma za afya na shule kupunguzwa. Agosti 2024 wakajaa barabarani, wakidai hata haki yao ya kupigia kura nyumbani imehamishwa. Mgeni njoo, mwenyeji apishe.

Basi kibao hicho kisimame jirani na mnara wa Grzimek, kwa Kiswahili na Kimaa, kikiwa na ahadi ya 1959 neno kwa neno. Hakihitaji mshauri mwelekezi wala semina, na gharama nitaichangisha hapahapa Karatu. Nasubiri kibali chako tu, maana nasikia huko hifadhini ujenzi ni mgumu kidogo kwa asiye mwekezaji.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Karatu