Namna ya Kudumu Kwenye Kubeti Bila Kusumbuliwa na Ahueni

Sharti la kwanza ni usiri. Wengi huharibu mapema kwa kubeti hadharani, tena mbele ya mke, huku wakitaja dau kwa sauti. Mtu wa namna hiyo hafiki mbali. Mikeka mitatu ikichanika, mashemeji wameshajua, mama mkwe ameshajua, na kodi ya nyumba inaanza kulipwa na mke mwenyewe bila kupitia mikononi mwako. Wewe uliyekusudia kudumu, futa ujumbe wa M-Pesa mara tu unapoingia. Simu ilale kifudifudi mezani. Ukiulizwa kwa nini uko macho saa nane za usiku, sema unafuatilia habari za vita. Hakuna nyumba isiyomheshimu mtu anayefuatilia vita.

Sharti la pili ni kuikimbia hesabu, na hapa itabidi nikueleze kidogo ili ujue unachopaswa kukikwepa. Chukua beti yenye pande mbili zenye nafasi sawa, tuseme magoli yatazidi mawili au hayatazidi. Kwa haki kabisa, odi ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni inaandika 1.90. Kile kipande kilichokatwa ndicho kinacholipia ofisi, mabango ya barabarani na jezi za mpira. Ndicho kilichowezesha mwaka 2017 Simba na Yanga, watani wasiokubaliana hata rangi ya anga, kuvaa kifuani jina la kampuni ile ile ya kubeti. Kwa kila 1,000 unayoweka kwenye beti hiyo, wastani wa kinachorudi ni 950. Umeliwa bei ya pipi. Kwa mtu mzima si jambo la kulalamikia.

Lakini mtu wa mechi moja hana heshima kijiweni. Weka kumi. Odi zinazidishana mpaka zinafika kama 613, na buku lako linaahidiwa 613,000. Ishia hapo hapo, usiulize swali la pili. Anayeuliza huambiwa kwamba nafasi ya mechi kumi za aina hiyo kutiki zote ni moja kati ya 1,024, kwa hiyo ahadi ya haki ilikuwa 1,024,000. Ile pipi imeliwa mara kumi, na buku lako sasa linarudi, kwa wastani, kama 599. Ndiyo maana kampuni zinakupa bonasi ukirefusha mkeka, na hazijawahi kumpongeza mtu kwa kuufupisha.

Jakpoti ya mechi 17 ina uzuri wake wa pekee. Kila mechi ina matokeo matatu, na njia za kuujaza mkeka ule ni 129,140,163. Ukibanwa, mtaje Mkenya Samuel Abisai, ambaye mwezi Mei 2017 alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Ni kweli tupu, hakuna atakayekubishia. Walioingia wiki hiyo hiyo wakakosa usiwataje. Hakuna gazeti lililowapiga picha.

Siku mkeka utakapochanika kwa mechi moja tu, usikubali kwamba umepoteza. Upige picha, uutume kwenye kundi la WhatsApp, andika "moja tu wazee!" na ungoje pole. Watafiti wa ubongo wameonyesha kwamba kukosa padogo humwongezea mchezaji hamu ya kuendelea, ingawa mfukoni kukosa padogo na kukosa mbali ni kitu kimoja. Umesogea karibu, basi. Na mtu aliyesogea karibu harudi nyuma.

Mpira wenyewe una kasoro kubwa: unachukua dakika 90. Huo ni muda mrefu mno, mtu anaweza kupata akili. Hamia kwenye ule mchezo wa simu wa kindege, kinachopaa na namba zake na kudondoka ndani ya sekunde chache, kisha kinapaa tena kabla hujavuta pumzi. Au nenda kwenye mashine ya dubwi pale dukani, ulishe sarafu zilizokuwa za chenji ya sukari. Jambo la msingi ni kwamba kati ya kupoteza na kuweka tena pasiwepo nafasi ya wazo kupita.

Nguzo kubwa ya ufundi huu ni kukomboa. Ukipoteza 20,000, weka 40,000 kuirudisha. Ikienda, 80,000. Neno hasara lisitamkwe; sema pesa yako "iko kule" na unaifuata. Salio likikauka kuna mkopo wa simu wa Songesha, kwa jirani zetu Kenya kuna Fuliza, na baada ya hapo kuna mikopo ya kausha damu, ambayo haikufichi kitu tangu jina. Ada ya mtoto si ya kukopa, ni ya kuazima mpaka Jumapili usiku.

Na ukihisi bahati imekuchoka, nunua utabiri Telegram. Jamaa anayeuuza hahitaji kujua mpira. Ana watu 800: anawaambia 400 kwamba timu fulani itashinda, na 400 wengine kwamba haishindi. Walioambiwa vibaya anawaacha. Waliobaki anawagawa tena, 200 kwa 200, kisha 100 kwa 100. Baada ya mechi tatu kuna watu 100 walio tayari kuapa kwamba jamaa ana mechi za kupanga. Hao ndio wanaouziwa. Jitahidi uwe mmoja wao.

Sasa mitego. Yapo mambo yanayoweza kukuharibia kazi yote hii ndani ya wiki moja.

Usiombe taarifa ya miamala ya miezi sita kwenye mtandao wako wa simu. Kichwa kinakumbuka ushindi, lakini karatasi ile ina safu ya pesa zilizotoka na safu ya zilizoingia, na mtu mwenye kikokotoo anaweza kuzijumlisha kabla chai haijapoa. Usifungue pia ule ukurasa wa mipangilio ya akaunti, kwa sababu kampuni nyingi zenye leseni zimeweka humo kikomo cha pesa za kuingiza na njia ya kujifungia kwa miezi kadhaa. Ukijikwaa ukajifungia kwenye moja, shukuru kwamba nyingine bado ziko wazi. Mtu mbaya ni yule anayejifungia zote kwa siku moja, akaweka na BetBlocker, programu ya bure inayozuia tovuti za kamari. Mwenye kiswaswadu anayebeti kwa menyu ya nyota na reli yuko salama na programu hiyo. Yeye aogope kitu kimoja tu: laini yake ya pesa kukaa kwa mtu mwingine.

Kuna pia maswali mawili ambayo wataalamu huyatumia kumchuja mtu kwa haraka. Je, umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Ndiyo moja inatosha kukupeleka kwa daktari. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022, na tiba yake kubwa ni mazungumzo ya kupangwa na mtaalamu wa saikolojia. Kwa hiyo kaa mbali na idara ya afya ya akili ya Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja na Mathari ya Nairobi. Huko hawakushangai, na hilo ni baya sana kwa mtu anayetegemea aibu yake imzuie kusema.

Utani ukae pembeni kwa sentensi mbili. Kama madeni yamekufikisha mahali unapowaza kufa, usibaki peke yako leo: mwambie mtu aliye karibu nawe, nendeni hospitali yoyote iliyo jirani, hata usiku. Deni linapangiwa awamu, na wanaokudai wanajua hivyo kuliko wewe.

Tuendelee. Mwaka 1957 huko Los Angeles wacheza kamari wachache walianza kukutana na kuambiana ukweli kuhusu pesa walizopoteza, ndipo ikazaliwa Gamblers Anonymous. Mikutano yake siku hizi inapatikana hadi kwenye intaneti. Unaona walivyoshambulia sharti letu la kwanza moja kwa moja.

Kwa hiyo mtu wa kumwogopa kuliko wote hana koti jeupe. Ni dada yako mkubwa, au rafiki asiyebeti, yule utakayejikuta umemwambia jambo hili siku umechoka. Akiuliza jumla ya madeni, taja nusu. Akiomba akae na laini yako, sema imesajiliwa kwa jina la kazini. Na akisema Jumanne atakusindikiza hospitali, mkumbushe kwa upole kwamba Jumanne kuna Ligi ya Mabingwa.