Jinsi ya Kutandaza Waifai Shuleni Mkagombana Vizuri

Shule yenu iko Bendera, bondeni chini ya milima ya Upare, na mfadhili ameahidi waifai ya madarasa, maktaba na mabweni. Hongereni. Sasa fuateni hatua hizi.

1. Iteni kikao. Ajenda ni moja: ubongo wa mtandao ukae wapi? Kundi la kwanza litataka kontrola moja ofisini iziamuru rauta zote. La pili litataka kila rauta ijitawale. Ahirisheni chai ikifika.

2. Mkichagua kontrola, ifungieni stoo. Ufunguo apewe mtu mmoja, mpenda safari za Same mjini. Faida mtaziona: paswedi hubadilishwa mara moja tu, na mwanafunzi hutoka maktaba hadi maabara bila kukatika. Kasoro ni ndogo. Umeme wa stoo ukikatika, rauta zilizozoea kuuliza kila kitu hubaki darini zikipepesa taa kama watu waliofiwa.

3. Mkichagua kujitawala, kila idara inunue rauta yake. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Zirundikeni rauta zote kwenye 6, mtandao upige kelele kama gulio. Siku ya kubadili paswedi, piteni mlango kwa mlango kama makarani wa sensa.

4. Msimuulize mzee yeyote wa Kipare. Ataanza habari za ndiva: bwawa la pamoja mlimani hujaa usiku, likazibuliwa asubuhi, maji yakashuka kwa mifereji, kila mmoja kwa zamu yake. Zamu hupangwa na wote; jembe la kuelekeza maji analo mwenye shamba. Fundi akisikia hayo atadakia muundo wa tatu: kontrola itoe kanuni, data zipite njia ya karibu bila kupitia kwenye kontrola, na rauta ziendelee na kazi hata bosi wao akizimika. Kikao kitaisha kabla ya chai, na hasara hiyo nani ataifidia?

5. Zaidi ya yote, msiulize swali ambalo wenye ndiva huanza nalo: kesho alfajiri anafungua nani, na asipokuwepo? Liwekeni hadi siku ya mtihani, stoo imefungwa, na mwenye ufunguo anapiga simu kutoka Same kwamba basi limemwacha.