Heko kwa Kuhamisha Diski

Vya kusifiwa mkoani Mara vinajulikana: sato wa Ziwa Viktoria, ng'ombe wa Wakurya, Mwalimu aliyezaliwa Butiama. Kazi ya kunakili diski yenye Windows kwenda kwenye diski mpya haimo katika orodha hiyo. Ni kazi ya kukaa, kukodolea macho asilimia na kuomba umeme usikatike. Imedharauliwa vya kutosha. Sasa na isifiwe.

Kwanza nasaba, kama ilivyo desturi ya wasifu. Diski ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilikaribia uzito wa tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Diski ya leo ya gigabaiti 500 hubeba takriban mara 100,000 ya hizo na huingia kwenye mfuko wa shati. Uzito umekwisha. Kilichobaki ni subira.

Na subira yenyewe inapimika. Waya wa USB 2.0 kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kunakili diski nzima ya gigabaiti 500, baiti kwa baiti, huchukua zaidi ya saa 4. Fundi wa Bunda akishabonyeza kitufe cha kuanza, mteja anaweza kupanda gari hadi Musoma, akala samaki, akafunga dagaa wa nyumbani, akarudi na kukuta mstari bado unatambaa. Ni kazi gani nyingine inayomruhusu mtu kukaa kitako muda wote huo na bado akahesabiwa yuko kazini?

Umeme nao una nafasi yake katika sifa hizi. Ukikatika kwenye asilimia 97, kompyuta ya mezani huzimika na roho ya fundi huzimika nayo. Lakini hapo ndipo uungwana wa kazi hii unapoonekana. Wakati wa kunakili, diski ya zamani husomwa tu, haiandikwi kitu, hivyo kwa kawaida hubaki kama ilivyokuwa. Iliyoharibika ni nakala. Fundi anaanza tena sifuri, ananung'unika, lakini faili za mteja zipo.

Kuwa na pa kurudi si jambo dogo, na Hazina ya Tanzania ni shahidi. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye kompyuta, mambo yakavurugika hadi ikabidi zirudishwe kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974, mwana wa Butiama akiwa Ikulu, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Watoto wote darasani, kompyuta zote nje ya mpaka. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini angalau kwa miaka ile wananchi wengi walilala usingizi bila kuwaza diski inayogonga.

Wapinzani wa kuhamisha diski hawakosi hoja. Husema: ya nini taabu yote hiyo, si upige Windows upya? Ni kweli, kupiga Windows ni kazi ya muda mfupi. Kirefu ni kinachofuata. Printa haitambuliki. Programu ya hesabu za duka haina tena faili lake la kusakinishia. Nywila zilizokaririwa na kompyuta, badala ya mwenyewe, zimetoweka. Mwenye steshenari atatumia wiki nzima kurudisha alichokuwa nacho Jumatatu asubuhi. Diski iliyonakiliwa huwaka ikiwa na kila kitu mahali pake, hata ile picha ya harusi iliyotapakaa kwenye skrini.

Tena kazi hii haina ubaguzi. Kirusi kilichokuwa kwenye diski ya zamani huhamia diski mpya kwa heshima zote, pamoja na folda 3 zenye jina "MPYA MPYA" na barua ya maombi ya kazi ya mwaka 2013. Ni nani mwingine atakayeipenda takataka ya mtu kiasi hicho?

Hufundisha pia adabu. Mwenye haraka hufungua diski C, akachagua mafaili yote, akayabandika kwenye diski mpya, kisha akashangaa kompyuta haiwaki. Katika kompyuta nyingi za sasa, faili za kuwashia hukaa kwenye sehemu ndogo iliyofichwa, mara nyingi ya megabaiti 100 tu, na bila hiyo gigabaiti mamia hazina kazi. Ndiyo maana mafundi hutumia programu kama Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan na inayopatikana bure, ambayo hunakili sehemu zote, za wazi na za siri.

Nakala ikikamilika huja kichekesho cha mwisho. Diski mbili sasa zina utambulisho mmoja, kama Kulwa na Doto waliopewa cheti kimoja cha kuzaliwa. Zikiachwa pamoja, Windows inaweza kuikataa mojawapo. Kwa hiyo ya zamani hutolewa kabla ya mpya kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Basi mwenye laptopu inayochukua nusu saa kuwaka, awe Musoma, Bunda au Butiama, asingoje diski ife, kwa sababu diski yenye sekta mbovu nyingi huifanya kazi ya saa 4 kuwa ya siku kadhaa. Apime afya ya diski mapema, aandike pembeni namba ya kufungulia kama ametumia BitLocker, na asiifute ya zamani mpaka mpya iwe imefanya kazi wiki kadhaa bila kusumbua. Na fundi alipwe kwa saa zote alizokaa akitazama ule mstari.