Masanduku ya Nyanya na Maji ya Kisima

Masanduku mawili yalipofika, mume wangu aliyapanga uani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, akatangaza kwamba hatununui tena nyanya sokoni. Yalikuwa ya plastiki nene, yamenyanyuliwa kwa miguu hadi usawa wa kiuno. Chini ya sakafu yake yenye matundu kuna tangi. Unalijaza kwa bomba la pembeni, udongo unayavuta maji wenyewe kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta ya taa, na yakizidi yanatokea tundu la ubavuni. Kwa sisi wa Tabata, ambao maji ya bomba huja kwa mgao, habari hiyo ilikuwa tamu.

Bei haikuwa tamu. Mama mkwe alipoisikia alisema, "Baba, kwa pesa hiyo ungejaza uwanja mzima mitungi."

Mwanzoni nyanya zilishamiri kweli. Kisha mgao ukazidi kubana, tukaanza kujaza maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na hapo ndipo sanduku linapokushinda. Ukimwagilia kwa juu, maji huisukuma chumvi ikashuka mbali na mizizi. Mle ndani safari ni moja tu: maji yanapanda, jua linayakausha, chumvi inabaki. Udongo uliota ganda jeupe, kingo za majani zikaungua, maua yakapukutika. Mume wangu akadhani ni kiu, akaongeza maji yale yale.

Masika yangeiosha ile chumvi, lakini mizizi ilikuwa imeziba tundu la ubavuni. Udongo ukawa chepechepe, mizizi ikaoza kwa kukosa hewa, na mimea ikanyauka huku imesimama ndani ya maji. Mama mkwe akamulika bomba kwa tochi ya simu, akaona viluwiluwi vinacheza.

"Mnafuga dengi humu, na wajukuu zangu wanashinda hapa hapa!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, ukarudi 2019, na mbu wake hupenda maji yaliyotuama karibu na watu, tena huuma mchana. Usiku ule mama na mwanawe hawakusemeshana.

Asubuhi tulimwaga kila kitu. Tundu tulilizibua kwa waya, mdomo wa bomba tukaufunga kipande cha chandarua, na udongo mzito tukaubadilisha kwa kokopiti na mboji. Tukapanda mchicha. Sasa tunakinga maji ya mvua, na mara kwa mara tunamwagilia kwa juu mpaka yatoke ubavuni, ili chumvi isijikusanye. Mama mkwe naye alifukia mtungi wa udongo hadi shingoni, akaujaza na kuufunika, akazungushia pilipili. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye kuta zake, na pilipili zimebeba vizuri sana.

Kwa mwenye ardhi, mimi nasema anunue mtungi. Sanduku ni la anayeishi ghorofani, mwenye maji baridi ya uhakika na safari za kikazi, aliye tayari kulikagua tundu kila akirudi. Wifi yangu wa Upanga yuko hivyo hivyo. La pili tumempa yeye, pamoja na chandarua chake.