Sifa za Gawio la Dola Nne

Washairi wameyasifu mapenzi, mvua na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Safu ya mapato ya ng'ambo katika ritani ya kodi ya Uganda haijapata hata ubeti mmoja. Leo tuitendee haki.

Mtukufu hutajwa kwa nasaba. Babu yake ni kodi ya kibanda ya Mkataba wa Buganda wa 1900, rupia tatu kwa kila nyumba. Baba yake ni kodi ya kichwa iliyofutwa mwaka 2005, ile ya wanaume kuulizwa tikiti kwenye vizuizi, na wasio nayo kuingia mitini. Enzi hizo mtoza kodi ndiye aliyehangaika. Mtukufu wetu ameikomesha aibu hiyo: siku hizi mlipaji ndiye anayemtafuta mtozaji, tena usiku wa manane, sebuleni kwake Ntinda, akiibembeleza kompyuta.

Tazama elimu anayoitoa. Kijana wa Kampala amenunua hisa chache za Marekani kwa simu, kupitia dalali wa huko, nazo zinamzalia dola nne kila robo mwaka. Marekani haina mkataba wa kodi na Uganda, kwa hiyo inakata asilimia 30 papo hapo, na kijana anapokea dola mbili na senti themanini. Mjinga angedhani yamekwisha. Lakini sheria ya Uganda humtoza mkazi kwa mapato yake ya dunia nzima, na hizo senti themanini haizitambui: inataka zile dola nne kamili, zigeuzwe shilingi kwa kiwango cha kati cha Benki Kuu ya Uganda. Kijana ambaye gazetini hakupita ukurasa wa mpira, sasa anajua dola iliuzwaje Jumatano fulani ya mwezi Machi.

Subira nayo anafunzwa. Mwaka wa kodi wa Uganda huanza Julai mosi na kwisha Juni 30. Wa Marekani hufuata Januari hadi Desemba. Ritani ya 2023/24 ilitakiwa ifike kabla ya 2024 kwisha. Fomu 1042-S, yenye kuthibitisha makato ya Machi na Juni 2024, dalali ana ruhusa ya kuitoa hadi katikati ya Machi 2025. Hukumu kwanza, ushahidi baadaye! Basi Krismasi inapokaribia na wenzake wanagombania basi la kwenda kijijini, yeye yuko na taarifa za akaunti na kikokotoo, anajumlisha senti.

Na malipo ya jasho hilo? Dola ikiwa shilingi 3,700, gawio ni 14,800. Ngazi ya asilimia 30 inadai 4,440. Marekani ilikwisha kuchukua 4,440, na Uganda huitambua kodi ya ng'ambo mradi isizidi ile ambayo yenyewe ingetoza. Hazina inabaki na sifuri, au vijisenti vya rolex moja, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya.

Mlinganishe na mpinzani wake, hatifungani ya serikali. Huyo hukata asilimia 20 kimyakimya, au 10 ikiwa ya miaka kumi na zaidi, na kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Mwenyewe hajazi kitu, hajifunzi kitu; saa tatu usiku amelala fofofo.

Akitokea mtu akashauri kwamba magawio madogo ya ng'ambo nayo yakatwe mara moja, mambo yaishe, asisikilizwe. Anataka kutunyima shule ya bure. Wa kuhurumiwa ni wakubwa wenye mamilioni ya dola nje ya nchi. Sheria ni ile ile na safu ni ile ile, lakini utamu huu hawajauonja, maskini: wana mawakili.