Jipya la Zamani
Kila mwaka hatukosi fundi wa kuahidi kuisuka upya michezo ya mtandaoni ya maelfu ya watu. Lakini mwaka 2013 wachezaji waliiomba kampuni ya Blizzard iwarudishie mchezo wake wa World of Warcraft kama ulivyokuwa 2004. Mkubwa mmoja wa kampuni hiyo akajibu kwamba wanadhani wanautaka, kumbe hawautaki. Mwaka 2019 ukarudi: mwendo uleule wa kobe, safari zilezile za miguu. Watu wakafurika hadi mashujaa, na mapanga yao mabegani, wakapanga foleni ndani ya mchezo, kila mmoja akingoja zamu ya kuliua zimwi lilelile. Tena foleni ya adabu, bila wa kuchomekea. Benki zetu hazijafikia ubunifu huo. Ada ya mwezi, bila shaka, haikubuniwa upya. Iliendelea kukatwa.