Namna ya Kuiba Sayansi Uliyoikimbia: Hatua 7 za Kurudi PCB Ukiwa Same

Unataka kuwa daktari wa meno, na mara ya mwisho kushika pipeti ulikuwa hujaanza kujitegemea. Leo una duka stendi ya Same na mtoto yuko la tano. Sogea karibu. Shahada ya meno pale Muhimbili ni miaka 5, na mlango wake ni matokeo ya kidato cha sita: Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani PCB. Mtihani wako, basi, ni kurisiti mwezi Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tuanze.

1. Jifiche. Ukitangaza stendi saa mbili, saa nne wamejua mpaka Hedaru, na kila mteja atakuuliza umefikia wapi. Sema unamsaidia mpwa wako masomo. Kisha msaidie kweli, maana hakuna njia fupi ya kuielewa topiki kama kumfundisha mtu.

2. Anzia mwisho. Ukifungua kitabu ukurasa wa kwanza, utasinzia ukurasa wa tatu. Chukua pepa za NECTA za miaka 10 iliyopita, weka alama kwenye kila swali linalojirudia. Hizo ndizo nondo zako. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo vuna kwanza pale pointi zilipo nyingi.

3. Iba jikoni. Injika makande. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu kama nyuzi 1. Kwenye kijiji kilicho mita 1,500 juu ya usawa wa bahari yanachemka karibu nyuzi 95. Ndiyo maana maharage ya mlimani hukaidi, na mama akatupia kipande cha magadi. Magadi ni besi, hulainisha ganda. Lakini yanaweza kubeba floridi, na floridi ikizidi wakati jino la mtoto linaumbika, enameli hutoka na madoa ya kahawia. Fizikia, Kemia na Biolojia ndani ya sufuria moja! Andika kanuni kwa chaki kwenye ukuta wenye masizi. Utaisoma kila ukikoroga.

4. Iba kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia. Kaa ukingoni wanapozibua maji yateremke mferejini kwenda mashambani. Maji yaliyotulia juu yana nishati. Yakiachiwa, nishati hiyo inageuka mwendo. Wazee wa Kipare walilijua hilo bila kalamu. Wewe ongeza kalamu tu.

5. Iba kinywani mwako. Kioo unajitazama kila asubuhi, najua. Basi fungua mdomo. Kila robo ina meno 8: ya mbele 2, chonge 1, premola 2, magego 3. Zidisha mara 4, umepata 32. Swali hilo hutalisahau tena.

6. Praktikali usiibe. Titresheni haisomwi kwa macho. Tafuta kituo chenye maabara, shika bureti mwenyewe, uone tone moja likibadilisha rangi ya chupa nzima, na tone la pili likiharibu kazi yote. Na anayekuuzia pepa "iliyovuja", mkimbie. Atakula hela yako, na ukikamatwa NECTA hufuta matokeo.

7. Ukifeli, feli kwa heshima. Pointi zikigoma, zunguka uani: ipo stashahada ya utabibu wa meno, miaka 3, inayoanzia ufaulu wa kidato cha nne. Ukiimaliza na alama nzuri, unaweza kuomba shahada ukiwa tayari umeng'oa magego ya watu.

Ukichoka, toka siku ya gulio. Utamwona binti anacheka na wenzake, kiganja kimeziba mdomo, kwa sababu ya madoa yale ya kahawia. Siku atakapokaa kwenye kiti chako na kutoa kile kiganja, hatauliza ulirisiti mara ngapi. Rudi nyumbani, washa taa, fungua pepa.